Kutoka jiliwani Kawangware hadi mto Gura

Kazi yangu ni kufunga flai. Kwa asiyejua, flai ni mdudu bandia anayeundwa juu ya ndoano ndogo iliyobanwa kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, kwa uzi, manyoya ya jogoo, nywele za sungura na pengine shanga ya shaba, ili samaki aliyezoea kula wadudu adanganyike. Karakana zetu zimetapakaa Nairobi na viunga vyake, wengi wetu ni wanawake, na karibu kila tunachofunga hupandishwa ndege kwenda Uingereza, Marekani na kwingineko. Tunalipwa kwa dazeni. Ukiniamsha usiku wa manane ukaniambia nifunge Adams, nitaifunga nikiwa nusu usingizini: mwili wa kijivu, mabawa ya ncha za manyoya ya jogoo mwenye madoadoa, shingo ya manyoya ya rangi mbili yaliyozungushwa pamoja. Ilibuniwa Michigan mwaka 1922. Hayo yote nilikuwa nayajua. Samaki mwenyewe, trauti, sikuwahi kumwona akiwa hai.

Aliyenivurugia amani ni mwenzangu wa meza ya pili. Yeye ni mzaliwa wa upande wa Othaya, kaunti ya Nyeri. Siku moja tukila chapati kwa ndengu alisema, bila hata kuinua kichwa, kwamba samaki hao wamejaa mtoni kule kwa babu yake. Nikamuuliza mbona hajawahi kutuambia. Akasema hakuna aliyewahi kuuliza.

Naandika haya kwa ajili ya wafunga flai wenzangu ambao wamekuwa wakinisimamisha njiani kuniuliza nilikwendaje kumvua kule, na kwa mkaazi yeyote wa Nairobi anayedhani uvuvi wa mlimani ni mchezo wa wazungu na matajiri wa klabu. Una gharama, ndiyo, na una usumbufu wake. Lakini hauhitaji gari wala uanachama.

Kwanza ujue unamtafuta nani. Trauti si samaki wa hapa. Wale wa kahawia waliletwa kutoka Loch Leven, Scotland, mwaka 1905, wakamwagwa katika mto huu huu wa Gura, na wale wa upinde wa mvua wakafuata miaka michache baadaye kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1948 kikafunguliwa kituo cha kuwazalisha huko Kiganjo, upande wa Mlima Kenya. Nilipoyajua haya nilicheka peke yangu: samaki alikuja kwa meli kutoka kwao, na sasa mimi nafunga chambo chake Kawangware kinarudi kwao kwa ndege.

Trauti hutaka maji baridi yenye hewa nyingi, yanayogonga mawe. Ndiyo maana hakuna anayemtafuta kwenye Athi wala Mto Nairobi. Yuko mito ya juu inayoshuka Aberdare na Mlima Kenya: Gura, Chania, Mathioya, Ragati, Thiba, Naro Moru, Burguret. Kadiri mto unavyoshuka kwenye mashamba na kupata joto, ndivyo anavyopungua, hadi unafika mahali hayupo kabisa.

Vibali ndivyo vilivyonichosha kuliko mlima. Elewa hivi kabla hujaanza kuzunguka: kuna milango mitatu, na kila mmoja una mwenyewe. Leseni ya kuvua kwa burudani ni ya watu wa uvuvi. Msitu wa serikali ni wa Huduma ya Misitu, KFS, na una ada yake ya kuingia. Ukipanda zaidi ukaingia Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, hapo ni Huduma ya Wanyamapori, KWS, na wao malipo yao ni ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, pesa taslimu hazipokelewi langoni. Mtu mmoja atakuambia karatasi moja inatosha kote. Haitoshi. Ofisi moja jijini ilinituma kwingine, kule nako wakanirudisha nilikotoka, na asubuhi mbili za kazi zikapotea, na kwetu asubuhi ni dazeni. Kilichosaidia ni kupiga simu kaunti ninakokwenda na kuuliza moja kwa moja: mto huu, sehemu hii, nahitaji nini, na samaki wa ukubwa gani na wangapi naruhusiwa kuchukua. Afisa aliyepokea alinieleza vizuri kuliko wote, labda kwa sababu hakuna anayempigia kuhusu trauti.

Vifaa sasa. Fimbo ya flai si fimbo yoyote ya kuvulia. Wauza mitumba watakuuzia fimbo nzito ya baharini wakiapa ni hiyo hiyo. Itazame mahali pa kushikia: kwenye fimbo ya flai, kigurudumu cha mshipi hukaa mwisho kabisa, chini ya mkono wako, si mbele yake. Kwa mito yetu myembamba iliyofunikwa na miti, futi saba au nane zatosha. Yangu niliipata kwa shilingi 4,000, imeungwa kwa gundi mahali pamoja, na bado yavua. Halafu mshipi. Hapa watu wengi hupotea, kwa sababu flai haina uzito wa kurushika. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ule mnene wa rangi, na flai hufuata tu. Ukifunga flai kwenye mshipi wa kawaida wa nailoni utarusha siku nzima na itaanguka miguuni pako. Mwishoni mwa ule mnene ndipo unapounga kipande kirefu cha nailoni nyembamba ambacho samaki hakioni.

Gambuti zinatosha kama huna zile suruali za mpira. Nunua zenye soli ya meno. Jambo jingine ambalo vijitabu vya nje havitakuambia: wavuvi na wawindaji wa ng'ambo hupenda nguo za madoa ya kijeshi ili wasionekane. Hapa Kenya raia kuzivaa ni kosa, na askari wa kwanza utakayekutana naye atakuwa na maswali. Vaa kijani iliyofifia, kahawia au kijivu. Mwenzangu alikuja na jaketi jekundu la kupendeza na aliambiwa alikunje kabla hatujafika ukingoni.

Na baridi! Nairobi tunajidai tunaijua baridi kwa sababu ya Julai. Ukiwa juu ya mita 2,000, alfajiri, ndani ya maji yaliyotoka kileleni usiku huo, utajua hukuwa unajua kitu. Soksi jozi mbili, na jozi ya tatu kavu ndani ya mfuko wa plastiki.

Tulipanda matatu ya Nyeri karibu na River Road, tukabadilisha ya Othaya, kisha bodaboda kupitia mashamba ya chai hadi barabara ilipokataa. Nauli ya kwenda tu, kwa mtu mmoja, haikufika elfu moja na mia tano. Babu wa mwenzangu, ambaye kila mtu pale humwita Guka nami nikamwita hivyo, alitupokea kwa chai na kutaka kuona fimbo. Akaikagua kiungo kwa kiungo. Kumbe alipokuwa kijana mwanzoni mwa miaka ya sitini alikuwa akiwabebea wazungu makapu mtoni. Hawakuwahi kumpa fimbo ashike. Ila aliangalia, na mto aliusoma kuliko wao.

Siku ya kwanza tulivua nje ya ua. Aberdare imezungushiwa ua wa umeme wa karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009, na kwa mgeni huo ndio mpaka muhimu kuliko yote. Ndani kuna ndovu na nyati. Nje kuna chai, ng'ombe na watoto watakaokufuata wakiuliza unafanya nini. Kama bajeti yako ni ndogo au ni mara yako ya kwanza, baki nje. Samaki ni wachache na wadogo, lakini utajifunza bila kuangalia nyuma kila dakika. Ukingo wa mto una shamba la mtu, kwa hiyo piga hodi na uombe njia. Hakuna aliyetukatalia. Mama mmoja alitupa hata viazi.

Nilidhani kazi ingekuwa kurusha. Guka alinikalisha kwenye jiwe karibu saa nzima bila kurusha chochote. "Mami, unatembea na kivuli chako," aliniambia. "Kiache nyuma." Trauti hukaa ameelekeza kichwa mkondo unakotoka, akingoja chakula kiletwe na maji. Kwa hiyo humwendei kutoka juu, unamjia kutoka chini, kwa nyuma, ukirusha kuelekea juu. Jua likiwa mgongoni mwako, kivuli chako hutangulia na yeye ameshatoweka. Hatua nzito ukingoni nazo huzisikia. Ukivaa miwani ile inayokata mng'ao wa maji, utaona kitu ambacho macho matupu hayaoni: nyuma ya kila jiwe kubwa kuna kipande cha maji tulivu, na mara nyingi mwenye nyumba yumo, anapepea mkia polepole.

Kisha akafanya jambo ambalo limebadilisha kazi yangu. Aliingiza mkono majini, akatoa jiwe, akaligeuza. Upande wa chini palikuwa na wadudu wanatambaa, wale watoto wa nzi wa majini kabla hawajapata mabawa. Nilikuwa nimewafunga maelfu kwa maelfu kwa uzi na unyoya, wenye shanga kichwani, na sikuwahi kuwaona. Walikuwa wembamba mno! Miguu mifupi, mwili umebanwa, rangi iliyokolea kuliko ninayopewa dukani. Zile zetu ni nene kwa sababu mnunuzi anayeziona kwenye kisanduku cha duka hupenda kitu kilichoshiba. Samaki hana habari na kisanduku.

Nilikuwa nimebeba jiliwa langu dogo na kitita cha vifaa, maana nilijua nitapoteza nyingi. Jioni ile, kwa taa ya sola, nilifunga sita mpya zenye nywele za sungura nusu ya kawaida na miguu niliyoikata kwa wembe. Niliongeza uzito pia, shanga kubwa zaidi, kwa sababu Gura una kasi ya ajabu na flai nyepesi hupita juu ya kichwa cha samaki kabla haijazama. Kwa zile za kuelea nikafanya kinyume, manyoya mengi shingoni na magumu, ili povu lisizizamishe. Mfunga flai akikuambia mpangilio mmoja unafaa kila maji, muulize amesimama kwenye maji gani.

Siku ya pili tuliingia ndani ya ua, tukiwa na renja wa msitu mwenye bunduki. Malipo yake yalikuwa juu ya ada ya kuingia, na hapa nasema bila kupepesa: hii si sehemu ya kubania pesa. Njia ya mtoni ni njia ya nyati. Vichaka vimesongamana, kelele ya maji huziba masikio, na nyati naye hakusikii hadi mmekaribiana mno. Renja alitembea mbele akigonga fimbo kwenye miti, akisimama kila penye kinyesi kukichunguza kama ni cha asubuhi. Mara mbili alitugeuza tukapita kwingine bila maelezo, na sisi hatukuomba maelezo.

Lakini ndani kule! Mbega wakirukaruka na mikia yao mirefu meupe, bata weusi wawili wakipanda mkondo mkali bila shida, na kwenye mchanga nyayo za fisi maji aliyekuwa amevua kabla yetu, magamba yametapakaa. Nilimuuliza renja kuhusu bongo, yule swala wa msituni mwenye mistari, ambaye inasemekana hawafiki mia moja waliobaki porini. Akasema amefanya kazi pale miaka mingi na ameona nyayo zake tu.

Tulikuta pia kitanzi. Waya wa klachi ya pikipiki, umefungwa kwenye mti kimo cha shingo ya pongo, kando ya njia. Renja aliukata, akaukunja, akautia mfukoni, akapiga picha mahali hapo. Nilitaka kuugusa, akanizuia. Ukikuta mtego, usiung'oe na kuondoka nao, kwa sababu wewe ndiye utakayekutwa na kifaa cha ujangili mkononi. Weka alama mahali, wape taarifa walinzi. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza hata ule wa kitoweo. Guka, tulipomsimulia jioni, hakufurahi wala hakuwatetea waliotega. Alisema tu kwamba zamani mtu alitega akalala karibu, asubuhi akaja kuangalia. Hawa wa waya hutega hamsini wakasahau ishirini, na mnyama huoza pale. Nadhani hilo ndilo lililomuudhi zaidi, ule uzembe.

Trauti wangu wa kwanza alikuja saa nne asubuhi, nyuma ya jiwe lenye kuvu, kwa ile flai iliyokondeshwa. Sikuhisi mvuto mkubwa nilioungoja. Mshipi ulisimama tu, na kama nisingekuwa nimeambiwa ningedhani umenasa kwenye mzizi. Nikainua fimbo. Hapo nilipiga kelele ambayo nasikia mwenzangu bado anaiigiza karakanani. Alikuwa wa kahawia, hata futi hakufika, tumbo la dhahabu, madoa meusi na mekundu yaliyozungushiwa duara jeupe. Mikono yangu ilitetemeka nusu saa. Ndoano ile niliijua. Ulimi wa ndoano, kile kijino cha nyuma ya ncha kinachoizuia kuchomoka, niliuminya kwa koleo mwenyewe, kwa hiyo ilitoka bila kuchana mdomo. Fanya hivyo na wewe, hasa kama unanuia kumwachilia samaki, na umshike kwa mikono iliyolowa, maana mkono mkavu humvua ule ute unaomkinga na magonjwa.

Wa pili nilimbakiza wa kula. Wa tatu alikata mshipi.

Baada ya saa sita mambo yalibadilika, na hili ndilo ningependa msomaji alikumbuke akisahau yote. Juu yetu jua lilikuwa linawaka. Renja alitazama maji, akasema "tokeni sasa hivi," kwa sauti ambayo haikutaka mjadala. Majani yalikuwa yameanza kuelea, na maji yaliyokuwa kioo yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Mvua ilikuwa imenyesha kileleni, kilomita kadhaa juu, mahali tusipopaona. Muda si mrefu jiwe nililokuwa nimesimama juu yake lilikuwa limefunikwa kabisa. Mbingu ya kichwani pako haina ushahidi wowote mtoni. Angalia rangi ya maji na takataka zinazoelea. Epuka Machi hadi Mei, na mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba nazo. Januari na Februari maji ni safi na jua lipo. Julai na Agosti unaweza kwenda, ila ukungu utakula nusu ya asubuhi yako.

Kwa jumla safari ilinigharimu karibu shilingi 14,000 nikihesabu fimbo, gambuti, leseni, ada, renja, nauli na mchango wa chakula kwa wenyeji. Ukiwa watu watatu mkagawana renja, inashuka sana. Wenyeji wasilipwe kwa shukrani peke yake. Sukari, majani, unga na kitu cha M-Pesa, tena bila kungoja waombe, kwani hawataomba. Mimi flai nilipoteza zaidi ya dazeni moja, nyingi zikiwa kwenye matawi nyuma yangu. Maumivu yake ni ya kipekee ukijua kila moja ilichukua dakika ngapi.

Karakanani nilimwonyesha msimamizi zile zilizokonda. Alizishika kwa koleo, akazigeuza, akasema oda ni oda, tufunge ilivyo kwenye sampuli. Ana haki yake. Ila alibaki na mbili, na wiki hiyo hiyo aliniuliza kimyakimya Gura unaupandia matatu gani.

Kuhusu mapishi: trauti hana haja ya mbwembwe. Toa matumbo palepale mtoni, mtie chumvi, mkaange kwa mafuta kidogo, ngozi ikiwa chini kwanza. Nyama yake ni laini kuliko ya tilapia na haina harufu kali. Sisi na Guka tulimmaliza kwa ugali. Cucu, mkewe, aliye wa kizazi cha Wakikuyu ambao samaki kwao hakuwa chakula, alikaa upande wa pili wa jiko akitutazama na kikombe chake cha chai, na tulipomkaribisha mara ya tatu alijibu kwamba yeye ameshiba tangu jana. Sufuria ile aliisugua kwa majivu mara mbili, akaianika nje usiku kucha, na asubuhi chai ilipikwa kwa nyingine. Beba sufuria yako.